Umbo Likibadilika: Namna ya Kuchagua Kitenzi cha Kiingereza

Kitenzi “kunja” kinabeba kazi nyingi. Tunakunja shuka, tunakunja mkeka, tunakunja ngumi, tunakunja uso, tunakunja mikono ya shati, tunakunja goti, na mtu akijinafasi kitini hukunja nne. Hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa kwamba shuka halikunjwi kama ngumi, maana kitu kinachotajwa baada ya kitenzi ndicho kinachotuonyesha umbo. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi vingi. Shuka ni “fold”. Mkeka ni “roll up”. Ngumi ni “clench”. Uso ni “frown”, na hapo uso wenyewe hautajwi kabisa. Mikono ya shati ni “roll up” tena, goti ni “bend”, na kukunja nne ni “cross your legs”. Umbo limeingizwa ndani ya kitenzi, na anayeandika hana budi kulijua kabla hajaiandika sentensi.

Hapo ndipo wanapokwama watu wengi wenye kazi nzuri mikononi: fundi anayemjibu mteja wa nje, muuguzi anayejaza faili la mgonjwa, dereva anayeandika taarifa ya ajali kwa kampuni ya bima, na mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta fizikia yote iko kwa Kiingereza. Wote wanaijua “bend”, na “bend” hiyo hiyo wanaitwisha kila kitu. Ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanauegemea, ni kwamba usianze na kamusi. Anza na kitu chenyewe. Kitazame, na kama hakipo mbele yako kifikirie, kisha ujiulize: kimetengenezwa kwa nini? Nguvu imetoka upande gani? Nguvu hiyo ikiondoka, kitarudi kilivyokuwa? Ukishajibu, vitenzi vitabaki viwili au vitatu, na hapo ndipo kamusi inapokuwa na msaada.

Fanya jaribio kwa karatasi ya daftari, ukitamka kila kitenzi huku mkono unatenda. Ikunje kwa utaratibu, pembe juu ya pembe: hiyo ni “fold”. Pitisha ukucha kwenye mkunjo uwe mstari mkali: sasa ume-“crease”, na hata ukiifungua karatasi mstari unabaki, nao pia huitwa “crease”. Kuifungua ni “unfold”. Ifinye kiganjani mpaka iwe bonge: “crumple”, au “crumple up” ikiwa bonge limekamilika. Ilaze mezani uinyooshe kwa viganja: “smooth out” au “flatten out”. Izungushe iwe bomba: “roll up”. Shika ncha zake mbili uzizungushe kila moja upande wake: “twist”. Halafu chukua karatasi nyingine, uiloweshe upande mmoja tu, uiache. Kingo zitaanza kujikunja bila kuguswa, na hiyo ni “curl”. Usiandike “fold” hapo, kwa sababu “fold” inadai mstari wa kukunjia, na “curl” inadai mviringo.

Na “bend” je? Karatasi nyepesi haina nafasi kubwa katika kitenzi hicho. “Bend” hupendelea vitu vyenye ukakamavu kidogo, vinavyoweza kuukataa mkono: waya, msumari, bomba, tawi, kadi ngumu, goti. Ukiona kitu hakina ukakamavu wowote, kama kitambaa au uzi, ujue “bend” haikihusu, na utafute “fold”, “wind”, “coil” au “twist”. Kamba ukiizungusha juu yake yenyewe, duara juu ya duara, ni “coil”. Ukiizungusha kwenye kijiti ni “wind”.

Hatua ya pili ni kujua nani ametenda, na hapa Kiswahili na Kiingereza vinatofautiana sana. Kwetu, mwisho wa kitenzi ndio unaosema. “Amenyoosha waya” ina mtu. “Waya umenyooka” haina mtu. “Waya umenyooshwa” ina mtu asiyetajwa. Shuleni tulifundishwa kuziita kauli: kutenda, kutendeka, kutendwa, kutendesha, kutendua. Kiingereza, kwa vitenzi vingi vya umbo, hakina kauli ya kutendeka. Kinatumia neno lile lile pande zote mbili: “He straightened the wire”, halafu “The wire straightened”. “The metal bent”, “The sleeves stretched”, “The road widened”, “The paper curled”. Sisi wenyewe tuna vitenzi vichache vya namna hiyo. “Pinda” ni kimojawapo, maana fundi hupinda chuma na chuma nacho hupinda. Lakini kwa kuwa wengi wa ndugu zake hawako hivyo, masikio yetu hayatulii tukisikia “The wire straightened”. Tunahisi kuna kitu kimepungua, tunaongeza “was”: “The wire was straightened”. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, ila sasa imemleta mtu. Mtu fulani aliunyoosha ule waya.

Katika barua ya kawaida tofauti hiyo haidhuru. Katika taarifa ya ajali au ya kifaa kilichoharibika, inaweza kubeba lawama yote. “The bracket bent under the load” inasema mzigo ulizidi na chuma kikapinda. “The bracket was bent” inaweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba kilikuwa kimepinda tangu mwanzo, au kwamba kuna aliyekipinda. Ukitaka kusema kimepinda chenyewe, usiweke “was”. Ukitaka kusema ulikikuta kimepinda, andika wazi: “The bracket was already bent when we opened the box”.

Faida nyingine ya kauli yetu ya kutendeka ni kusema kitu kinaweza kufanyiwa jambo. “Kiti hiki kinakunjika” haina maana kwamba kinajikunja sasa hivi. Ina maana kwamba kimeundwa kukunjwa. Kiingereza hupata maana hiyo kwa wakati uliopo wa kawaida: “This chair folds”. Kitambaa kinachokunjamana upesi: “This fabric creases easily”. Wengi wetu huandika “can be folded” na “can be creased”. Si kosa, ila muuza samani au muuza vitenge atafikisha ujumbe haraka zaidi kwa sentensi fupi.

Lakini tahadhari, si kila kitenzi kina pande mbili. Vingine ni vya mkono tu: “squeeze”, “knead”, “press”. Limau halijikamui, kwa hiyo “The lemon squeezed” haipo. Vingine ni vya kitu chenyewe tu: “bulge” na “sag”. Dari likilegea na kushuka katikati, “The ceiling sagged”. Mvua ikiwa ndiyo iliyolilegeza, huwezi kuandika “The rain sagged the ceiling”, hata kama kauli yetu ya kutendesha inakuvuta huko. Andika “The rain made the ceiling sag”. Ukuta uliotuna kwa sababu ya maji nyuma yake: “The wall bulged”. Hakuna anayeu-“bulge” ukuta. Ili kujua kitenzi kiko kundi gani, kamusi za wanaojifunza Kiingereza huweka alama, herufi T kwa kitenzi elekezi na I kwa kisicho elekezi, au maneno yenyewe kwa urefu. Kazi ya kuonyesha namna kitenzi kinavyotumika katika sentensi ilipewa uzito mkubwa na A. S. Hornby, ambaye kamusi yake ilichapishwa na Oxford mwaka 1948, na hadi leo ni vizuri kutumia kamusi ya aina hiyo kuliko ile ya kutafsiri neno kwa neno. Alama hiyo ndogo iangalie kabla hujaangalia maana.

Nikirudi kwenye ajali, kuna jambo ambalo kila anayejaza fomu ya bima angenufaika nalo. Mwaka 1970 mwanaisimu Mmarekani Charles Fillmore aliandika kuhusu sarufi ya kupiga na kuvunja. Alionyesha kwamba “hit” na wenzake husema tu kwamba vitu viwili vimegusana, na havisemi lolote kuhusu hali ya kitu baada ya kuguswa. “Break” na “bend” husema hali. Ukiandika “The lorry hit the gate”, umesema lori liligonga geti, basi. Huenda geti liko vilevile. Kama unadai fidia, kitenzi cha umbo lazima kifuate: “The lorry hit the gate and bent two of the bars”. Tena utaje sehemu iliyobadilika. Kwa “hit” Kiingereza huruhusu kutaja mtu kisha kiungo, “hit him on the leg”, lakini kwa “break” na “bend” kiungo chenyewe ndicho kinachofuata kitenzi, “broke his leg”. Kwa hiyo usiandike “bent the gate on the bars”. Andika “bent the bars of the gate”.

Miaka 23 baadaye, mwaka 1993, mwanaisimu Beth Levin alichapisha kitabu kilichopanga vitenzi vya Kiingereza zaidi ya 3,000 katika makundi, na humo “break” na “bend” zikatenganishwa. Kundi la kwanza lina “crack”, “shatter”, “snap”, “split”, “tear”: kitu kimepoteza uzima wake. Kundi la pili lina “bend”, “crease”, “crumple”, “fold”, “wrinkle”: kitu bado kizima, ila umbo limegeuka. Mgawanyo huo utaupima kwa urahisi ukiijua kauli yetu ya kutendua. Tunasema kunja na kunjua, funga na fungua, fuma na fumua. Lakini hakuna “vunjua”. Kiingereza vivyo hivyo: kuna “unfold”, “unbend”, “uncoil”, “uncurl”, “unroll”, lakini kilichovunjika hakina “un-” yake, kinatakiwa “repair” au “mend”. Ukisita kama uandike “bent” au “broken” kuhusu kipande cha mashine, jiulize kama fundi anaweza kukirudisha kwa kunyoosha tu.

Bati la gari lina vitenzi vyake. Kibonyeo kimoja ni “dent”: mlango umebonyea, “The door is dented”. Sehemu ya mbele iliyokunjamana yote ni “crumple”, na wala si aibu kwa gari kukunjamana hivyo. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1951: ncha za gari zikunjamane zimeze nguvu ya kishindo, ili chumba cha abiria kibaki na umbo lake. Sehemu hiyo huitwa “crumple zone”. Bati lililogandamizwa mpaka likawa bapa au vipande ni “crush”. Kazi ya kunyoosha kibonyeo kwa nyundo ni “beat out” au “knock out a dent”.

Kitenzi kinachosahaulika ni “buckle”. Kinahusu kitu kirefu au chembamba kinachosukumwa kutoka nchani hadi, kikikosa pa kwenda, kinatoka kando. Reli ndiyo mfano wake mzuri. Chuma cha pua hurefuka kwa milimita 12 hivi katika kila mita 1,000 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Reli ya mita 100 ikipata joto zaidi kwa nyuzi 30 inataka kurefuka kwa milimita 36. Ikizuiliwa pande zote mbili, inachomoka kando ya mstari wake. Kwa Kiingereza utahitaji vitenzi viwili kwa mpangilio: “The rails expanded in the heat and buckled”. Ukiandika “bent” umesema matokeo, lakini umeficha sababu. “Buckle” inabeba zote mbili. Nguzo iliyoelemewa nayo hu-“buckle”, na magoti yaliyoishiwa nguvu vilevile.

Kwenye mbao ndiko Kiingereza kilikojaa utajiri zaidi, na naomba seremala yeyote anayepokea oda kutoka nje asome aya hii taratibu. Neno la jumla la mbao iliyogeuka umbo ni “warp”, sawa na kubenuka. Chini yake kuna maneno manne, kila moja na umbo lake. Ubao ukiwa umepinda kwenye upana, kingo mbili zimeinuka na katikati pamebonyea, huo ume-“cup”. Ukiulaza kwa uso wake mpana ukakuta umepinda kwa urefu, ncha zimeinuka na tumbo limegusa sakafu, huo ni “bow”. Ukikuta uso uko sawa lakini ukiutazama kutoka juu ukingo umekwenda upande mmoja, Waingereza huita “spring” na Wamarekani “crook”. Na ukikuta pembe tatu zimegusa benchi na ya nne iko hewani, huo ni “twist”. Sababu yake ni kwamba mbao haipungui sawasawa inapokauka. Kwa kufuata mzunguko wa pete za mti hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kuelekea kiini, na kwa urefu karibu haipungui. Mninga unapendwa na maseremala wetu, pamoja na uzuri wa rangi yake, kwa kuwa hupungua kidogo sana. Mteja akiandika kwamba meza yake “has cupped”, fundi wa Keko au Gikomba anayejua neno hilo atafahamu mara moja kwamba tatizo liko kwenye upana wa ubao wa juu, na hataanza kuhangaika na miguu ya meza. Fundi hodari anastahili kuieleza kazi yake kwa usahihi ule ule anaoutia kwenye kazi yenyewe.

Sasa vitenzi vya kuongezeka na kupungua, ambavyo mwanafunzi hukutana navyo kwanza darasani. “Expand” na “contract” ni vya ujazo, mara nyingi kwa joto na baridi, na kwa kawaida kitu huenda na kurudi. “Shrink” ni kupungua, na aghalabu hakuna kurudi. Fulana ya pamba haisemwi imeji-“contract”, ime-“shrink”. Nyuzi zake zilivutwa wakati wa kusokotwa na kufumwa, maji yakaziachia zikarudi kwenye urefu wake. Tunda, jani au ngozi iliyokauka ikajaa makunyanzi ni “shrivel”. “Stretch” ni kuvutika, na “swell” ni kuvimba kwa sababu kitu kimeingia ndani: maji, damu, usaha, hewa. Kuna neno lenye maana pana zaidi, “deform”, yaani kubadilika umbo kwa namna yoyote, lakini ni la maabara na la wahandisi. Ukiliweka kwenye fulana msomaji atashangaa. Kwenye kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka 1678, ile ya springi, urefu unaoongezeka huitwa “extension”, na kuibana springi ni “compress”. Ukiwa nje ya darasa, mpira wa ndala na kamba ya nguo ni “stretch” tu.

Kuvimba kwetu kuna mipaka mipana kuliko “swell”, na hapo pana haja ya uangalifu. Mguu wa mgonjwa: “swell”. Betri ya simu iliyovimba: “swell” au “bulge”, na ni neno la hatari, maana betri hiyo haifai kuchajiwa tena. Tumbo lililojaa gesi: “bloat”. Donge la unga lililoumuka ni “rise”, kamwe si “swell”. Maandazi yanapovimba kwenye mafuta ni “puff up”. Keki iliyobonyea katikati baada ya kutoka kwenye oveni ni “sink”. Na kwa kuwa tumeingia jikoni, kusukuma chapati si “push”, ni “roll out”. Kukanda ni “knead”. Na sukari kwenye chai hai-“melt”. Sisi husema siagi imeyeyuka na sukari imeyeyuka. Kiingereza kinatenga: siagi kwa joto ni “melt”, sukari ndani ya maji ni “dissolve”.

Hospitalini kuna kitenzi kimoja kinachofaa kukaririwa: “dilate”. Ni cha vitu vyenye tundu au njia, kama mboni ya jicho, mishipa, na mlango wa kizazi, unaopanuka hadi sentimita 10 kabla ya mtoto kuzaliwa. Mapafu hu-“expand”. Misuli hu-“contract”, na uchungu wa uzazi huitwa “contractions” kwa sababu hiyo. Mboni ikinywea mbele ya mwanga ni “constrict”.

Kwa mafundi cherehani, vitenzi vya maana ni vifupi na vina kiambatisho. Kufupisha suruali ni “take up”, kuirefusha kwa kufumua pindo ni “let down”, kubana kiuno ni “take in”, na kuachia ni “let out”. Kupinda nguo, kwa maana ya kuweka pindo, ni “hem”. Viambatisho vyenyewe si mapambo. “Out” huleta kutanda na kusambaa: “spread out”, “flatten out”, “stretch out”. “Up” huleta kukusanyika au kukamilika: “roll up”, “fold up”, “curl up”. “In” huelekea ndani, kama paa lililoanguka kuelekea ndani, “cave in”. Ukivizoea hivi vitatu, utavielewa vitenzi vingi usivyopata kuvisoma.

Kuna kanuni moja ya kuunda vitenzi ambayo ni rahisi na haifundishwi inavyostahili. Kiswahili kina refu na refusha, fupi na fupisha, pana na panua. Kiingereza hutumia “-en”: “widen”, “shorten”, “flatten”, “thicken”, “sharpen”, “straighten”, “stiffen”, “loosen”. Lakini “-en” hukubali tu vivumishi vifupi, vya silabi moja, vinavyoishia na sauti kama za p, t, k, d, f au s. “Thin” inaishia na n, kwa hiyo hakuna “thinnen”: kitenzi chake ni “thin”. “Narrow” na “round” nazo hubaki zilivyo, na “slim” huwa “slim down”. “Long”, “strong” na “high” hupita mlango wa nomino: “lengthen”, “strengthen”, “heighten”. “Tall” na “big” hazina kitenzi chochote, na huna la kufanya ila kusema “grow taller” au “get bigger”. Hata yale yenye sauti inayofaa yanaweza kukataa. Kisu kikipoteza makali ni “blunt”, wala si “blunten”. Lugha yetu nayo ina mapengo yake: nene ina nenepa, lakini embamba haina kitenzi chake. “Enlarge” ni kukuza picha ichapwe kubwa zaidi. “Magnify” ni kazi ya lenzi, ambayo hufanya kitu kionekane kikubwa huku chenyewe hakijaongezeka hata kidogo.

Wakati uliopita nao unahitaji kukaririwa, kwa sababu vitenzi hivi ni vya zamani na vingi havifuati “-ed”: “bend, bent, bent”, “shrink, shrank, shrunk”, “swell, swelled, swollen”, “wind, wound, wound”, “tear, tore, torn”. “Spread” na “split” havibadiliki kabisa. Kwenye “shrink” usiwe na wasiwasi mwingi. Filamu ya Disney ya mwaka 1989, Honey, I Shrunk the Kids, imeweka “shrunk” mahali ambapo vitabu vya sarufi vinataka “shrank”, na wenye lugha husema hivyo kila siku. Kwenye barua ya kazi, hata hivyo, andika “shrank”. Umbo la tatu ndilo linalofanya kazi ya kivumishi pia: “a bent nail”, “a swollen ankle”, “a torn sleeve”.

Kuviweka akilini, usiviandike kwa mpangilio wa alfabeti. Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila kitu unachokutana nacho kazini, na uandike chini yake kila namna kinavyoweza kugeuka umbo, kwa sentensi nzima yenye wakati na mtenda. Mlango, kwa mfano. Masika mlango wa mbao unavuta unyevu: “The door has swollen and it sticks”. Bawaba zimelegea, upande wa kitasa umeshuka: “The door is sagging”. Ubao umekauka vibaya, pembe moja imetoka: “The door has warped; the top corner has twisted out”. Ukiwa wa bati na gari limeugonga likirudi nyuma: “The van reversed into the door and dented the lower panel”. Ukiwa wa chuma na nyumba imeungua: “The door buckled in the heat”. Ukurasa unaofuata uwe wa tairi, na unaofuata wa shati.